Nani Amesema Hawezi Kukiri Imani?

Nianze kwa kuungama, maana ninayoyakemea hapa niliyatenda mwenyewe kabla sijayaona kwa wengine.

Nilipokuwa mchungaji kijana katika usharika wangu wa kwanza, mama mmoja alinijia ofisini baada ya ibada. Alitaka kumwandikisha binti yake mafundisho ya Kipaimara. Binti alikuwa na miaka 14, mwenye mtindio wa ubongo pamoja na ulemavu mkubwa wa akili, na hakuwa akitamka neno hata moja. Nikamwuliza mama, "Anajua Baba Yetu?" Akajibu, "Baba Mchungaji, hasemi." Nikamwambia kwa upole niliodhani ni wa kichungaji, "Basi Mama, tuendelee kumwombea. Akiweza kusema, mlete." Akasema asante, akaondoka. Nami nikafunga daftari nikijiona nimelinda heshima ya mafundisho.

Miaka mitatu baadaye ibada ya jumuiya ilifanyika nyumbani kwa mama huyo, Jumamosi jioni. Tulipokuwa tukinywa chai, binti alijikokota sakafuni hadi kwenye rafu ya chini, akachukua kitabu cha Mwimbieni Bwana kilichochakaa jalada, akakiweka mapajani mwa mama yake na kumtazama usoni. Mama akakirudisha rafuni. Binti akakileta tena. Nikauliza anataka nini.

"Anataka kanisani," mama akasema. "Akileta kikombe, anataka chai. Akivuta kanga yangu ya kutokea, anataka tutoke. Kitabu hiki ni kanisa. Hukileta kila Jumamosi akiniona napiga pasi nguo za wadogo zake."

"Sasa mbona hamji?"

"Tulikuja, Baba Mchungaji. Alipiga kelele wakati wa mahubiri, mzee akaniambia nimtoe nje. Tangu hapo nakirudisha rafuni."

Njiani kurudi nilipiga hesabu. Miaka mitatu ni Jumamosi zaidi ya 150. Mara zaidi ya 150 binti yule aliomba kwenda katika nyumba ya Bwana, na mchungaji wake alikuwa ameshaamua kwamba hana la kusema.

Ndugu msomaji, hoja yangu ni moja, nami nitaisema bila kuipaka asali. Mtu asiyesema kwa kinywa si mtu asiye na neno. Usharika unaomnyima njia ya kusema, kisha ukamhukumu kwa kuwa hasemi, unatenda dhambi. Na dhambi hiyo si ya wazazi wake. Ni yetu.

Tumezoea kudhani kwamba mawasiliano ni sauti. Lakini mama yule, asiyekaa darasani hata siku moja kujifunza jambo hili, alikuwa akitumia njia ambayo wataalamu wanaifundisha: kitu halisi kinachosimama badala ya neno. Kikombe ni chai, kanga ni safari, kitabu ni ibada. Kwa mtu ambaye picha bado hazimwelei, kitu anachoweza kukishika ni mwanzo mzuri. Anayezielewa picha hupewa kadi au kitabu cha picha, anyooshe kidole au atazame anachotaka. Wengine hutumia ishara za mikono. Huko Uingereza, tangu miaka ya 1970, mfumo wa Makaton umefundisha ishara za maneno ya kila siku zikiambatana na usemi wa kawaida. Wengine hubonyeza kitufe kilichorekodiwa sauti, nacho kikasema kwa niaba yao. Na wapo ambao hawajafika popote katika hayo, wanaosema kwa kukaza mwili, kugeuza uso, kutabasamu, au kutoa mlio wa namna fulani. Hao nao wanasema. Anatakiwa mtu wa kuwasoma, na kuandika katika daftari: akifanya hivi, maana yake ni hivi, na sisi tufanye hivi.

Hata sheria imelitambua hili. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara yake ya 2, unapoeleza maana ya mawasiliano unazitaja wazi njia mbadala na njia saidizi. Tanzania iliuridhia mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge letu likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Ni aibu serikali ikiandika kwamba picha na ishara ni mawasiliano, halafu kanisa la Neno aliyefanyika mwili likasema mawasiliano ni kukariri tu.

Najua majibu mtakayonipa, kwa kuwa nimeyasikia katika mabaraza ya wazee, na mengine niliyatoa mimi.

La kwanza: "Mchungaji, huyo haelewi kitu." Nani alimpima, na kwa lugha gani? Ukimwuliza Mzaramo maswali kwa Kijerumani asijibu, utasema hana akili? Hana alipokuwa akiomba hekaluni, midomo ikicheza na sauti haisikiki, kuhani Eli alimdhania mlevi. Soma 1 Samweli 1. Mtu wa Mungu, mwenye uzoefu wa miaka mingi madhabahuni, alishindwa kuyatambua maombi yaliyokuwa mbele ya macho yake, kwa sababu tu hayakuja kwa namna aliyoizoea. Eli angalau alikubali kurekebishwa siku ileile. Mimi nilichukua miaka mitatu.

La pili: "Ukimpa picha atazembea, hatasema kamwe." Wazazi wengi wanaogopa hili, nami siwalaumu, kwa maana kila mzazi anatamani kuitwa mama au baba kwa sauti ya mwanawe. Lakini hofu hii imechunguzwa. Mwaka 2006 watafiti Millar, Light na Schlosser walichapisha mapitio ya tafiti zilizohusu watu wenye ulemavu wa ukuaji waliopewa njia mbadala za mawasiliano. Katika visa 27 vilivyokuwa na ushahidi thabiti zaidi, hakuna hata mmoja aliyepungukiwa usemi, na wengi wao uliongezeka, ingawa kwa kiasi kidogo. Anayefahamu kwamba ujumbe wake unapokelewa hupata sababu ya kutuma mwingine. Asiyesikilizwa ndiye anayenyamaza.

La tatu ni zito, kwa sababu linavaa joho la imani: "Kumtafutia njia nyingine ni kukata tamaa. Tumwombee, Mungu atamfungua kinywa." Wapendwa, mimi naomba, wala simfundishi mtu aache kuomba. Lakini tutazame jinsi Mungu mwenyewe anavyofanya kazi. Musa aliposema ulimi wake ni mzito, Mungu hakuuponya. Alimpa Haruni awe kinywa chake. Zakaria aliponyimwa sauti, jirani zake hawakumwacha hadi apone. Walimwashiria kwa mikono, naye akaomba kibao, akaandika jina la Yohana. Kinywa chake kilifunguliwa baada ya kibao. Na Bwana Yesu, katika Marko 7, alipoletewa kiziwi mwenye utasi, alimtenga na makutano, akamtia vidole masikioni, akamgusa ulimi, akatazama juu mbinguni. Kwa nini vidole? Kwa nini kugusa? Yule mtu alikuwa hasikii. Kabla ya kumponya, Bwana alisema naye kwa lugha aliyoweza kuipokea. Sisi tunataka muujiza bila vidole.

Na maombi yasiyosikiliza yanaweza kuumiza. Nakumbuka kijana mmoja asiyesema aliyeanza kujipiga upande wa kichwa usiku na mchana. Tulisema ni pepo. Tulimkemea huyo pepo usiku tatu mfululizo, nami nilikuwemo, kijana ameshikwa mikono asijipige. Siku ya nne usaha ukatoka sikioni. Alikuwa akituonyesha mahali panapouma kwa njia pekee aliyokuwa nayo, nasi tukaishika hiyo mikono iliyokuwa ikisema. Angekuwa na kadi moja yenye picha ya mwili, au angekuwa na mtu mmoja aliyezoea kumsoma, angepelekwa zahanati siku ya kwanza. Na kama mtu hana njia ya kusema "inauma", hana pia njia ya kusema "fulani amenishika vibaya". Wenye nia mbaya wanalijua hilo kuliko sisi. Kumpa mtu mawasiliano ni kumwekea mlango komeo.

La nne ni la wapole: "Hawa ni malaika, Mungu anajua mioyo yao." Neno hili linasikika tamu, na ndiyo maana nalihofia zaidi ya matusi. Malaika haji kwenye kikao cha usharika, hadai ngazi ya kupitishia kiti chake cha magurudumu, hachagui anachotaka kula, hakasiriki. Tukimwita mtu malaika tumejiondolea wajibu wa kumsikiliza kama mtu. Yeye si malaika. Ni Mkristo aliyebatizwa, mwenye mapenzi yake, ukaidi wake, furaha yake na dhambi zake, anayehitaji neema kama mimi.

La tano: "Kanisa letu ni maskini, vyombo hivyo ni vya Wazungu." Mama niliyemtaja alitumia kikombe, kanga na kitabu. Kadi za picha hukatwa kwenye kalenda ya mwaka uliopita na kubandikwa kwenye boksi la sabuni. Katika mnada wa Jumapili tumewahi kushindania jogoo mmoja mpaka bei ikapita ya mbuzi. Hatukosi fedha. Tunachokosa ni subira.

Sasa nifike kwenye swali la Kipaimara na Meza ya Bwana, kwa sababu hapo ndipo tunapofunga mlango kwa jina la mafundisho sahihi. Tunasema: sisi ni Walutheri, mtu sharti aelewe, sharti akiri.

Basi tumwulize Luther, na tumsikie mzima. Katika mazungumzo yake ya mezani, yaliyoandikwa na waliokula pamoja naye, imo habari ya mtoto wa Dessau aliyekuwa na ulemavu mkubwa. Humo anaelezwa akishauri mtoto huyo atoswe mtoni, akimhesabu kuwa ni pande la nyama lisilo na roho. Wakuu wa nchi hawakuufuata ushauri huo, ashukuriwe Mungu. Ni neno ovu, na anayelipenda kanisa hili hapaswi kulificha. Linatuonyesha anakofika hata mtu mkubwa wa Mungu akishaamua kwamba asiyesema hana roho.

Lakini Luther huyohuyo, mwaka 1520, katika mahubiri yake juu ya Agano Jipya, yaani Misa, aliulizwa kama mabubu wapewe Sakramenti. Wakati huo wako waliowapa mkate usiobarikiwa, wakidhani wanawatendea wema kwa kuwadanganya. Luther aliukataa mzaha huo. Alifundisha kwamba kama wana akili timamu, na kwa ishara za hakika wanaonyesha kuitamani, wapewe. Kazi ya Roho Mtakatifu aachiwe Roho Mtakatifu. Akaongeza kwamba huenda ndani yao wana ufahamu na imani bora kuliko sisi.

Mtaniambia, "Umesikia? Amesema wenye akili timamu." Nimesikia. Lakini angalieni alipoutafuta ushahidi: katika ishara. Hakudai kinywa. Swali linalotukabili, basi, si kama mtu huyu anaweza kukariri Katekisimu Ndogo. Swali ni kama tumempa ishara ambazo kwazo tamaa ya moyo wake ingeonekana. Tusipompa, hatuna haki ya kusema hatukuiona.

Na kuhusu kuelewa, nani kati yetu ameielewa Sakramenti? Tunawabatiza watoto wachanga wasiojua kulia wala kushoto, na tunafundisha kwa ujasiri kwamba Ubatizo hausimami juu ya akili ya mbatizwa bali juu ya Neno la Mungu na ahadi yake. Mtoto huyo akikua, akawa hasemi, ahadi ile imekwisha muda wake? Isitoshe, Mungu mwenyewe hakutosheka kusema nasi kwa sauti tu. Alitupa maji ya kuguswa, mkate wa kushikwa, kikombe cha kunywewa. Augustino alifundisha kwamba sakramenti ni neno ambalo jicho linaweza kuliona, na Walutheri wa kwanza walilipokea fundisho hilo katika Utetezi wa Ungamo la Augsburg. Kwa lugha ya leo ningesema Mungu alianza kutumia vitu halisi zamani sana kabla ya wataalamu, kwa kuwa alijua ulemavu wetu sote.

Binti yule aliingia darasa la Kipaimara akiwa na miaka 17, pamoja na wenzake 27. Tulimfundisha kwa vitu vinne: bakuli la maji, msalaba wa mti, sahani ya mkate na kikombe cha Meza ya Bwana. Kila wiki vilevile, kwa mpangilio uleule, na mwenzake mmoja wa darasa akikaa naye na kuvishika pamoja naye. Ilichukua mwaka na nusu. Miezi ya kwanza alivitupa chini. Baadaye alianza kuvishika. Mwishoni, nilipoweka mbele yake kikombe cha Meza na kikombe chake cha chai anachokipenda, alikisukuma cha chai pembeni, akaweka mkono juu ya kile kingine, akanitazama kama alivyomtazama mama yake Jumamosi ile. Nikarudia siku tatu tofauti, nikibadilisha upande wa kulia na kushoto, nisije nikajidanganya. Yote aliyoyaelewa Mungu anayajua. Yote waliyoyaelewa wale 27 waliokariri bila kukosea, Mungu pia anayajua.

Naona niseme neno kwa wanaokubaliana nami, wasije wakaharibu kwa bidii. Msiseme kwa niaba ya mtu na kuliita neno lake. Tangu miaka ya 1990 imetangazwa sana njia ambayo msaidizi humshika mkono mtu asiyesema ili achape maneno kwenye herufi. Zilipofanywa majaribio ambamo msaidizi hakuonyeshwa alichoonyeshwa mwenzake, ilibainika kwamba maneno yalitoka kwa msaidizi. Mwaka 2018 chama cha wataalamu wa usemi na usikivu cha Marekani kilisema wazi njia hiyo isitumike. Wazazi walipewa barua nzuri ambazo watoto wao hawakuziandika. Huo ni mkate usiobarikiwa kwa namna nyingine. Afadhali ishara moja ndogo iliyo yake kweli kuliko ushuhuda mrefu ulio wako.

Basi, nini kifanyike? Sitaki makala hii iishe kwa kuguswa moyo, halafu Jumapili ijayo mzee amwambie mama mwingine atoke nje.

Kila usharika umfahamu kila mtu asiyesema aliye ndani ya mitaa na jumuiya zake, hasa wale waliofichwa vyumba vya nyuma. Mwinjilisti aende akakae, atazame, amwulize mama: anasemaje akiwa na njaa, akiumwa, akikataa, akifurahi? Hayo yaandikwe katika daftari, na daftari liende naye Shule ya Jumapili, kanisani na zahanati.

Walimu wa Shule ya Jumapili na wa Kipaimara wafundishwe mambo haya machache: kutumia kitu au picha ileile kwa jambo lilelile, kuvitumia wao wenyewe wanapozungumza naye, kama tunavyomsemesha mtoto kabla hajasema, kumpa vitu viwili achague, na kungoja. Uliza, kisha hesabu kimya hadi kumi, hata zaidi. Wengi wao hujibu pale ambapo sisi tumeshageuka kwenda. Akikataa, kataa yake iheshimiwe, maana asiyeruhusiwa kusema hapana, ndiyo yake haina thamani. Na kadi zake asinyang'anywe kamwe kama adhabu. Huwezi kumng'oa mtu ulimi kwa sababu amekosa adabu.

Wazee wa kanisa, sauti zao ndani ya ibada si fujo. Mtume Paulo, katika Warumi 8, anatuambia Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Mkimtoa nje mtu anayeugua bila maneno, angalieni msije mkawa mnamtoa nje anayeomba kuliko sisi wote.

Na sisi wachungaji tufungue daftari tulizofunga. Tuwaendee wazazi tuliowaambia "akiweza kusema, mlete", tuombe radhi, tuwaambie wawalete jinsi walivyo. Nilipokwenda kuomba radhi kwa mama yule, hakunihubiria. Aliingia ndani, akatoka na kitabu cha Mwimbieni Bwana, akamkabidhi binti yake ili anipe yeye mwenyewe. Nilikipokea kwa mikono miwili.

Bwana aliyemgusa kiziwi masikio atuguse na sisi, tusikie. Amina.